Kuendesha programu za utamaduni wa jamii asilia: mwongozo kamili kwa meneja wa shirika la huduma

Afisa wa utamaduni ana wakubwa wawili. Mmoja ni ofisi, pamoja na mkataba wake, malengo ya robo mwaka, masurufu ya kurejeshewa hesabu na ripoti ya mfadhili. Wa pili ni wazee wa kwao. Hao hawajamwandikia barua yoyote ya ajira, lakini ndio wanaoamua kama akiitisha watu watakuja au watabaki majumbani. Programu ya utamaduni inaweza kufa pesa zikiwa bado ziko benki, kwa sababu tu ofisi iliipanga kana kwamba mkubwa ni mmoja, na wazee wakaachiwa kazi ya kufungua warsha kwa maombi na kupigwa picha.

Mwongozo huu ni wa meneja wa shirika la huduma za jamii nchini Kenya, lile ambalo tayari linashughulikia ulinzi wa watoto, afya au riziki za vijana, na sasa limepata fedha za kuanzisha programu ya utamaduni na watu wawili watatu wa kuiendesha. Mfano wangu mkuu ni Waogiek wa Msitu wa Mau, jamii ya wawindaji na warina asali. Mengi yatafaa pia kwa Wasengwer wa Embobut, Waendorois wa Ziwa Bogoria, Wayaaku wa Mukogodo au Waaweer wa Lamu, ila kila mahali pana wenyewe, na wenyewe huulizwa upya.

Hatua ya 1: Soma sheria kabla ya kuandika pendekezo la mradi

Anza na Katiba ya 2010. Kifungu cha 260, kinapoeleza maana ya jamii iliyotengwa, kinataja jamii asilia iliyodumisha maisha yanayotegemea uwindaji au ukusanyaji. Kifungu cha 56 kinaidai serikali mipango ya kuendeleza maadili, lugha na desturi za makundi hayo. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake, kisha kinaongeza kwamba hakuna mtu atakayemlazimisha mwingine kufuata au kufanyiwa mila yoyote. Sehemu hiyo ya mwisho iweke karibu. Utaihitaji siku vijana watakapoingia kwenye programu.

Baada ya Katiba, soma hukumu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilisema Kenya ilivunja haki kadhaa za Waogiek, zikiwemo haki ya ardhi, ya dini na ya utamaduni. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, warudishiwe ardhi ya mababu, na lugha na desturi zao zitambuliwe. Waendorois walikuwa wametangulia: uamuzi wa Tume ya Afrika kuhusu kufukuzwa kwao Bogoria uliidhinishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010.

Kwa nini meneja wa programu ya ngoma na lugha asome hukumu za ardhi? Kwa sababu wazee wamezisoma, au wamesomewa. Ukifika na karatasi inayosema unakuja "kuwasaidia wahifadhi mila", utaulizwa mradi wako uko upande gani kuhusu msitu, na uwe na jibu. Januari 2018 Msengwer mmoja aliuawa kwa risasi Embobut wakati wa operesheni ya kuwaondoa watu msituni, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha ufadhili wa mradi wake wa maji na mazingira katika eneo hilo. Mfadhili wako akiwa ana mkono katika uhifadhi wa misitu, mwulize mapema, kwa maandishi, msimamo wake ni upi.

Kuna sheria nyingine ambazo huna budi kuwa nazo mezani: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016, Sheria ya Kulinda Data ya 2019, Sheria ya Ajira ya 2007, na ile ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 iliyoanza kutumika 14 Mei 2024. Vikundi vya kijijini utakavyoshirikiana navyo vinasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Hakikisha cheti chao hakijapitwa na muda, maana benki itauliza kabla yako.

Hatua ya 2: Tafuta ridhaa kwa wenye mamlaka ya kuitoa

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na ndipo ratiba nyingi za mradi hutenga siku moja.

Kwa desturi ya Waogiek, msitu uligawanywa kwa koo. Kila ukoo una ukanda wake unaopanda kutoka sehemu za chini hadi za juu, ili mizinga ifuate maua yanavyochanua kwa zamu kadiri mlima unavyopanda. Kwa hiyo kauli ya mzee wa ukoo mmoja haiwafungi walio ng'ambo ya mto. Mwenyekiti wa kikundi huenda alichaguliwa kwa kuwa anajua kuandika barua za ofisini. Chifu ni mwajiriwa wa serikali. Wapelekee wote wawili barua kwa heshima, lakini sahihi zao zisihesabiwe kuwa ridhaa ya jamii.

Safari ya kwanza nenda bila fomu. Ongozana na mtu anayejulikana pale, beba sukari na majani ya chai, na ueleze mambo matano: nani anatoa pesa, kazi ni ipi, kitakachobaki kijijini ni nini, kitakachoondoka ni nini, na mradi unaisha lini. Halafu ondoka. Waache wakae peke yao bila gari lako kusimama nje. Safari ya pili kaa na wanawake kando, na mwendesha kikao awe mwanamke, kwa sababu yapo maarifa wanayoyamiliki wao, na hawatayazungumzia mbele ya wakwe zao. Baraza la wote lije baada ya hapo.

Mtarajie mzee atakayekuuliza: "Hiyo sauti yangu ikishafika Nairobi, nani atairudisha?" Usimjibu kwamba mtaangalia. Mjibu kwa jina la mtu na jina la mahali: "Mzee, nakala moja itakaa shule ya msingi hapa, nyingine ofisini kwetu chini ya afisa fulani, na hakuna ya tatu mpaka mkae tena." Kama huwezi kusema hivyo kwa ukweli, bado hujawa tayari kurekodi.

Muhtasari wa baraza uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti, utafsiriwe papo hapo kwa Kiogiek, ndipo watu watie sahihi au dole gumba. Ndani yake weka ukurasa wa makatazo: yale ambayo jamii imekataa. Pengine ni shughuli za jandoni, dawa ya mti fulani inayojulikana na familia moja, au bonde ambalo wageni hawapelekwi. Mimi huupa ukurasa huo uzito kuliko ule wa ridhaa. Wafanyakazi wapya wausome kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Baraza lisilokataa hata jambo moja hunitia shaka. Aghalabu maana yake ni kwamba watu wameona pesa zinakuja na hawataki kumuudhi mgeni.

Hatua ya 3: Panga kalenda ya kijiji kwanza, ya mfadhili baadaye

Bandika karatasi kubwa ukutani na uwaombe wazee wakuelekeze mwaka unavyokwenda. Asali hufuata maua, na maua hufuata mvua na mwinuko wa ardhi. Ile asali nyeupe inayojulikana sana Mau hutokana na maua ya mti uitwao Dombeya, nayo haivunwi kwa sababu robo ya tatu ya mfadhili imefika. Ongeza mvua za masika kuanzia Machi, ambapo barabara za Mariashoni, huko huko Mau, huwa matope matupu. Weka likizo za shule za Aprili na Agosti. Ile ndefu ya mwisho wa mwaka pia ndiyo msimu wa jando, kwa hiyo usipange mafunzo ya vijana wa kiume Desemba halafu ushangae viti vitupu.

Hapo ndipo uweke tarehe za ripoti. Zikigongana, mwandikie mfadhili kabla ya kutia sahihi makubaliano, maana baada ya sahihi kila badiliko litakuwa ombi.

Jihadhari na tarehe 9 Agosti, Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili. Kaunti, mashirika na wizara zote huwataka waimbaji wale wale siku hiyo hiyo. Acha kikundi kichague kinakokwenda, nawe sherehe yako ifanye wiki nyingine. Haipungui kitu.

Hatua ya 4: Weka utaratibu wa pesa unaolingana na kijiji

Anza na malipo ya wazee. Tuseme mkufunzi wa usimamizi wa miradi kutoka mjini analipwa shilingi 15,000 kwa siku, na mzee anayefundisha kuchonga mzinga wa mtarakwa anapewa 500 "ya nauli". Tofauti hiyo inasomwa na kila kijana aliye chumbani, nayo inamfundisha kwamba maarifa ya babu yake yana bei ya soda na mkate. Tengeneza kiwango cha ada ya mtaalamu wa jadi, kiidhinishwe na bodi, na kiwe karibu na kile cha wataalamu wengine. Mwulize mhasibu mapema kuhusu kodi ya kuzuiliwa ili mzee asikatwe pesa bila kuelezwa.

Nauli na chakula ni kando ya ada, usivichanganye. Ada hulipwa siku ile ile kazi ilipofanyika. Mzee aliyetembea kilomita kumi hatarudi kufuatilia.

M-Pesa ni nzuri, ila wazee wengi hutumia simu ya mjukuu. Kwenye karatasi ya malipo weka safu hizi: jina la mzee, jina la mwenye laini, uhusiano wao, kiasi, dole gumba la mzee, sahihi za mashahidi wawili. Mashahidi wasiwe wa nyumba moja naye. Na pesa zisipite kamwe kwenye simu ya afisa wa utamaduni, hata siku mtandao umesumbua na yeye amejitolea. Siku moja ukoo fulani utasema umepunjwa, na yeye ndiye atakayeishi na neno hilo kwa miaka.

Kisha kuna mbuzi. Kanuni za ununuzi zinadai nukuu tatu za bei. Kijijini anayeuza mbuzi wiki hiyo ni mmoja, naye ni shemeji wa mwenye boma. Matokeo yake wafanyakazi hughushi nukuu mbili, na mtu mwaminifu anageuzwa mwongo kwa ajili ya mnyama mmoja. Andika sehemu ya ununuzi wa kijijini katika sera yenu: kamati ya watu watatu, mmoja wao mwanamke, inathibitisha bei ya soko la karibu, inatia sahihi, na kiwango cha juu kinatajwa. Mwonyeshe mkaguzi wa hesabu sera hiyo kabla hajaanza kazi. Wakaguzi wengi huridhika wakiona utaratibu ulioandikwa kabla ya tukio.

Pombe ya asali ina nafasi yake katika sherehe za Waogiek, na karibu kila mfadhili anakataza pombe. Usiifiche chini ya "vinywaji baridi". Sherehe ni ya ukoo, ukoo ulete pombe yake, nanyi mgharimie usafiri na chakula. Isemwe wazi hivyo kwa pande zote mbili.

Tenga pia fungu la rambirambi. Mzee aliyewafundisha akifariki na ofisi isionekane matangani, msidhani mtakaribishwa tena kwa furaha.

Hatua ya 5: Ajiri kwa kigezo cha kazi yenyewe

Tangazo linalodai shahada na uzoefu wa miaka mitano limeshachagua nani ataomba: mtu wa mjini, pengine mwenye jina la jamii husika, ambaye lugha aliiacha darasa la nne. Gawa kazi mara mbili. Mratibu anahitaji kuandika ripoti na kushika bajeti. Mkufunzi wa jadi anahitaji lugha, maarifa na kukubalika; kuandika anaweza kusaidiwa. Ukilazimisha sifa zote kwa mtu mmoja, utampata anayeandika vizuri.

Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi wa kabila, lakini inaruhusu hatua za kuinua usawa na sifa zinazotokana na kazi yenyewe. Andika basi kwamba Kiogiek cha kuzungumza ni sharti la kazi, na upime. Kwenye usaili awepo mzee mmoja na mama mmoja, wenye alama zao kwenye karatasi, si wageni wa heshima. Mwambie mwombaji ajitambulishe kwa mzee huyo kwa lugha yake: ukoo wake, anakotoka, aliyemfundisha. Dakika tatu zinatosha. Sura ya mzee itakuambia mengi kuliko wasifu. Kisha mpe kisa: binamu yako ameleta mizinga kumi kuuza kwa mradi na haijakauka vizuri, utafanyaje? Msikilize anavyopima undugu na kazi.

Mtu wa kabila jingine kuwa meneja wa programu si tatizo lenyewe. Tatizo ni pale anapoanza kujibu maswali ya utamaduni katika mikutano ya kaunti, wakati mwenye jibu ameketi nyuma anashika mkoba wa kompyuta.

Angalia pia mizani ya koo. Ukiwaajiri watu watatu kutoka ukoo mmoja, hata kwa haki kabisa, programu itakuwa ya ukoo huo machoni pa wengine.

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi sita bila makubaliano mapya. Wakufunzi mnaowaita "vibarua" lakini wanakuja kila siku mwezi mzima wanaweza kuhesabiwa na sheria kuwa waajiriwa wenye haki zote, kwa hiyo msijifanye hamjui. Na bima ya kuumia kazini ni ya lazima chini ya sheria ya 2007 ya fidia za majeraha. Nasisitiza hili kwa sababu kazi yenu inahusu watu kupanda miti mirefu kuwafikia nyuki. Kama mzee analipwa na shirika kuwaonyesha vijana uvunaji, mwulize wakala wa bima leo kama anafunikwa, na majibu yawe kwa maandishi. Kuingia msituni nako kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Nakala ikae mfukoni mwa mratibu, si kwenye faili mjini.

Hatua ya 6: Msimamie mtu mwenye wakubwa wawili

Likizo ya kisheria ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na sera za mashirika huhesabu msiba wa "familia ya karibu" pekee. Kwa afisa wako, mzee wa ukoo aliyefariki ni kazi, ni familia, na ni wajibu, vyote kwa pamoja. Ongeza kwenye mkataba siku chache za wajibu wa kitamaduni, tano kwa mfano, zenye malipo, zisizohitaji cheti cha kifo. Utapunguza uongo ofisini kwa kiasi kikubwa.

Hesabu kazi isiyoandikwa. Idara ya afya inamtaka atafsiri. Idara ya watoto inamtaka aende kuzungumza na mzazi. Mgeni wa mfadhili anataka aelezwe "mila za huku" wakati wa chakula cha mchana. Kila ombi ni dogo, na yote kwa pamoja ni siku moja au mbili za wiki yake, huku malengo yake yakibaki pale pale. Toa amri moja: maombi ya namna hiyo yapitie kwako, na idara inayoomba ichangie siku hizo kutoka bajeti yake. Idara zikianza kulipia, maombi hupungua yenyewe.

Mlinde dhidi ya ndugu zake. Maamuzi ya nani apate mzinga au nani aende mafunzo Nakuru yafanywe na kamati yenye vigezo vilivyobandikwa ukutani, ili aweze kusema kwa ukweli, "Mjomba, hilo halikuamuliwa na mimi." Ukimwachia uamuzi huo peke yake kwa kisingizio cha kumwamini, umemtupa.

Kaa naye kila wiki mbili, na swali la kwanza lisiwe la takwimu. Muulize: wazee wanasemaje? Kuna jambo umeombwa na ofisi ambalo lingekuaibisha kijijini? Kuna jambo umeombwa kijijini ambalo ofisi haiwezi? Maswali hayo yakiulizwa mfululizo, mgogoro huonekana ukiwa bado mdogo. Mara mbili kwa mwaka nenda mwenyewe kwa wazee, na kwa akina mama kando, ukaulize kuhusu kazi yake. Maoni yao yaingie kwenye tathmini kwa uzito unaojulikana.

Itakapofika pa nidhamu, fuata kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira: kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza, mweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua, na usikilize utetezi wao. Kwa mkufunzi asiyesoma Kiingereza, barua ya Kiingereza iliyosukumwa chini ya mlango haitoshi. Kuwataarifu wazee ni hekima, lakini mpangilio una maana: msikilize mhusika kwanza, kisha wazee waambiwe uamuzi bila siri zake. Kuwaita wazee wamshinikize ajiuzulu ni kumwadhibu mara mbili.

Hatua ya 7: Linda maarifa, sauti na picha

Vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, viliibwa kwenye makaburi, vikauzwa, vikaishia katika makumbusho za Marekani, na vilivyorudi ni baadhi tu baada ya miaka mingi ya kudai. Siku hizi wizi hauhitaji gari. Unahitaji simu na kundi la WhatsApp.

Gawa rekodi kwa ngazi tatu: za wazi, za jamii pekee, na za wenyewe pekee, yaani ukoo au familia. Ngazi iandikwe kwenye jina la faili lenyewe, si kwenye jedwali la kando ambalo hakuna atakayelifungua. Nyimbo za watoto huenda zikawa za wazi. Maelezo ya dawa ya mitishamba mara nyingi hayapaswi kurekodiwa hata kidogo, hasa jina la mti, sehemu inayotumika na kipimo vikikaa pamoja.

Chini ya sheria ya 2016, mwenye maarifa ya jadi ni jamii, na anayetaka kuyatumia nje ya desturi anahitaji ridhaa yake ya mapema. Serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuweka rejista. Msikimbilie kuandikisha kila kitu. Wazee waamue kipi kijulikane kwamba kipo. Chini ya Sheria ya Data, asili ya kikabila, imani na habari za familia ni data nyeti, na ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Soma mkataba wa mfadhili kwenye kile kifungu kidogo kinachosema kazi zote zitakazozalishwa ni mali yake. Kifutwe, au kiandikwe upya kuhusu ripoti tu.

Hatua ya 8: Watoto na mipaka isiyojadiliwa

Ukeketaji ni kosa la jinai chini ya sheria ya 2011. Programu haigharimii, haisafirishi watu, haitoi hema kwa sherehe yenye ukeketaji ndani yake, na mfanyakazi anayejua unapangwa anaripoti. Hilo lisemwe kwenye baraza la kwanza kabisa, kwa adabu, ili lisije kuonekana kama usaliti baadaye. Usimwache afisa wa utamaduni awe ndiye mripoti pekee. Taarifa itoke kwa shirika, chini ya jina la afisa wa ulinzi wa watoto.

Kuhusu lugha shuleni, mtaala wa sasa unaruhusu lugha za kiasili katika madarasa ya chini ya msingi, kwa hiyo zungumza na mwalimu mkuu kabla ya kuanzisha darasa lako la Jumamosi. Mukogodo, ambako Wayaaku walihamia Kimaasai katika karne iliyopita na wazee wanaokumbuka Kiyaaku ni wachache mno, kila saa ya mzee mmoja ina thamani kubwa. Pale usimchoshe kwa mahojiano ya kila mtafiti anayepita.

Hatua ya 9: Pima kitu chenye maana

"Vijana 120 walihudhuria" haisemi kitu. Hesabu vijana waliorudi msimu wa pili, mizinga iliyotundikwa na vijana wenyewe na bado ina nyuki mwaka unaofuata, nyumba ambamo babu sasa anamjibu mjukuu kwa Kiogiek. Wazee waulizwe wangejuaje kuwa kazi imefaulu, na angalau kipimo kimoja chao kiingie kwenye ripoti kwa maneno yao. Ripoti isomwe kijijini kabla ya kutumwa. Wafadhili huchukia kuchelewa, basi anza kuandika mapema.

Hatua ya 10: Jiandae kwa ardhi, na kwa kuondoka

Novemba 2023 familia za Waogiek huko Sasimwani, Narok, zilibomolewa nyumba na kuondolewa msituni, miaka sita baada ya hukumu ya Arusha. Wafanyakazi wako wanaweza kuwa miongoni mwa watakaoondolewa. Amua sasa: watalipwaje kama ofisi ya kijijini imefungwa, rekodi zitahamishiwa wapi ndani ya siku moja, nani anazungumza na vyombo vya habari, na fungu gani linaweza kugeuzwa kuwa la dharura bila kusubiri barua kutoka Ulaya. Afisa akitaka kuandamana na watu wake, ana haki hiyo kama raia. Sera iseme afanye hivyo bila fulana ya shirika, na isimpe adhabu.

Kuondoka nako kunaandikwa mwanzoni. Katika makubaliano ya kwanza na jamii weka ukurasa unaotaja nani atabaki na mizinga, nani na mashine ya kukamua asali, diski ya rekodi itakabidhiwa kwa nani mbele ya mashahidi gani, na nakala za ofisini zitafutwa tarehe ipi. Wafanyakazi wapewe notisi kwa maandishi mapema kuliko sheria inavyodai, barua za utumishi zinazoeleza kazi yao ya kitamaduni kama utaalamu, na malimbikizo ya likizo yalipwe kabla ya sherehe ya kufunga mradi. Ukurasa huo usomwe tena kwenye baraza kila mwaka, kwa sababu aliyetia dole mwaka wa kwanza huenda hayupo, na mrithi wake ana haki ya kuukubali au kuubadilisha.